Serikali imekuonea, uanzie wapi? Tume, kesi ya kikatiba, mapitio au kesi ya fidia

Mbukwenyi ndugu zangu.

Mwaka jana kiangazi kilipoingia na ule upepo wetu wa vumbi ushaanza, alinifuata mama mmoja anayekaa pembezoni mwa mji hapa Dodoma, ameshika bahasha ya kaki imelegea pembe zote. Ndani kulikuwa na barua ya kumwamuru abomoe vyumba viwili na banda la kuku, na hajawahi kuitwa popote kusikilizwa. Nyuma ya barua alikuwa amebana kwa pini ya nguo vikaratasi saba, kila kimoja kina muhuri wa IMEPOKELEWA, huku mtaa, huku kata, huku ofisi za juu zaidi, kote aliandika malalamiko, wakagonga muhuri, wakamwambia asubiri. Nikavipanga mezani kwa tarehe, nikahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Miezi sita na siku kumi na moja.

Miezi sita ndo muda ambao sheria inampa mtu kwenda Mahakama Kuu kuomba uamuzi wa ofisi ya umma upitiwe. Kote alikopita hakuna aliyemwambia. "Mwanangu, mimi sikulala, kila wiki nilikuwa nafuatilia," aliniambia, na ni kweli, vikaratasi vilikuwa vinamshuhudia.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, nimekaa na watu wa aina hii miaka kadhaa, kutoka Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, na wengine humu humu mjini, na kitu kinachoniuma zaidi sio kwamba watu hawana haki, haki wanazo na zimeandikwa kwenye Katiba, shida ni kwamba wanafikiri mlango wa kudai ni mmoja. Ipo minne. Na ukianza na usiofaa, mwingine unaweza kufungwa wakati wewe umekaa kwenye benchi unasubiri. Kwa hiyo hapa naipanga yote pembeni kwa pembeni, uone upi unakufaa wewe na jambo lako.

Kwanza, milango hii ilitoka wapi

Tulipopata uhuru 1961 Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za mtu binafsi, viongozi wa wakati ule hawakuitaka, wakisema nchi changa inahitaji kujengwa kwanza na kesi za haki zingeichelewesha. Katiba ya 1977 nayo ikaja bila hiyo sura. Iliingizwa na Mabadiliko ya Tano ya Katiba mwaka 1984, ndo tukapata ibara ya 12 mpaka 24 tunazozisoma leo: usawa mbele ya sheria, kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, kutoteswa, uhuru wa kutokamatwa hovyo, faragha ya nyumba yako, kumiliki mali na kutonyang'anywa bila fidia. Lakini serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, hivyo mwananchi wa kawaida hakuweza kwenda mahakamani kudai haki hizo mpaka Machi 1988.

Alafu yakaja Mabadiliko ya Kumi na Tatu mwaka 2000. Hayo ndo yaliweka kwenye Katiba Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyochukua nafasi ya ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya tangu miaka ya sitini, na ndo yaliyoleta pia ibara ya 107A inayosema mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki na kwamba isifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Hiyo ibara ikariri, itakufaa.

Nayataja mabadiliko haya kwa sababu Katiba inabadilika kwa faida ya mwananchi na inaweza kubadilika pia kinyume chake, na mfano wa hilo ulitokea hapa hapa Dodoma, nitaufikia.

Vigezo nitakavyotumia

Kabla hujachagua mlango jiulize haya. Unataka nini hasa: mtu atoke ndani, uamuzi ufutwe, ulipwe pesa, au sheria yenyewe ibadilike? Hivyo ni vitu vinne tofauti na hakuna mlango unaotoa vyote. Muda: una siku ngapi kabla hujachelewa, na jambo lenyewe litachukua muda gani. Gharama: unaweza mwenyewe au lazima wakili. Nguvu: ukishinda, ofisi inalazimika kutii au inaombwa tu. Na mwisho masharti yanayoweza kukutupa nje hata kama una haki. Kwa kila mlango nitapita humo humo, ila kuna sehemu nitakaa zaidi maana ndiko watu wanakoumia.

Kitu kimoja kabla ya yote. Kama ndugu yako yuko lokapu sasa hivi wakati unasoma hii, ruka mpaka mwisho, kuna kipande chake, haya mengine utasoma akishatoka.

Mlango wa kwanza: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

*Unapata nini.* Uchunguzi. Tume inaweza kumwita afisa, kudai mafaili, kuingia mahabusu na magereza kuangalia watu wanavyoshikiliwa, kusuluhisha pande mbili, kisha inatoa mapendekezo: mrudisheni kazini, mlipeni, rekebisheni utaratibu huu. Inashika mambo mawili kwa pamoja, uvunjaji wa haki za binadamu na uendeshaji mbovu wa ofisi, kwa hiyo hata lile jambo ambalo mahakamani lingeonekana dogo, mfano faili lako la mafao limekaa mwaka mzima bila jibu, Tume ni kazi yake.

*Gharama.* Bure. Hulipii fomu, huhitaji wakili, unaweza kwenda kwa mdomo wakakuandikia, unaweza kuandika barua ya mkono, na mtu mwingine anaweza kulalamika kwa niaba yako. Kwa sisi wa Dodoma makao makuu yapo mjini kwetu, wa Kondoa au Mpwapwa ni nauli ya basi, wa mikoa mingine wanatumia ofisi za matawi au barua.

*Muda.* Hapa uwe mvumilivu. Uchunguzi una barua za kwenda na kurudi, na ofisi inayolalamikiwa mara nyingi haina haraka ya kujibu.

*Nguvu.* Tume inapendekeza, haihukumu. Ofisi ikikaidi, sheria inaruhusu Tume au mlalamikaji kwenda mahakamani ili mapendekezo yatekelezwe. Hili sio la kwenye makaratasi tu. Wanakijiji wa Nyamuma kule Serengeti waliondolewa kwenye ardhi yao mwaka 2001, Tume ikachunguza na ikapendekeza walipwe, serikali ikakataa, wakaenda mahakamani, na ilifika Mahakama ya Rufani ambayo ilisema ndiyo, mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa mahakamani. Lakini angalia njia waliyopita, ni miaka. Mtu mwenye jambo la haraka asijidanganye.

*Masharti.* Tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Hili ndo watu hawalijui: ukifungua kesi leo, kesho Tume itakwambia mikono yao imefungwa. Pia haimchunguzi Rais. Na la tatu, ambalo ndo lilimuumiza yule mama japo yeye hata Tume hakufika: kulalamika popote pale nje ya mahakama hakusimamishi siku za mahakama. Siku zinaendelea kuhesabika wakati barua yako iko mezani kwa mtu.

*Inamfaa nani.* Mtu asiye na pesa ya wakili, mtu ambaye bado anafanya kazi na hiyo ofisi na hataki vita, mfungwa, mtu ambaye hana karatasi za kutosha na anahitaji chombo chenye uwezo wa kwenda kuzichimbua.

Mlango wa pili: kesi ya kikatiba Mahakama Kuu

Huu ndo mlango mkubwa, wenye heshima, na ndo unaofungwa mara nyingi usoni mwa watu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

*Unapata nini.* Mahakama inatamka kwamba haki yako ya kwenye Katiba imevunjwa, na kama kilichokuumiza ni sheria, inaweza kutamka kifungu hicho ni batili kwa watu wote nchi nzima. Ibara ya 30(3) inamruhusu mtu kufungua shauri hata kama haki yake *inaelekea* kuvunjwa, sio lazima usubiri uumie. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba.

Sisi wa Dodoma tuna historia kwenye hili ambayo haifundishwi vya kutosha. Mwaka 1994, mwaka mmoja tu, Mahakama Kuu ya hapa mjini ilitoa maamuzi mawili yaliyotikisa nchi. Jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba kwa kuwa ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu. Na Jaji Lugakingira, kwenye kesi aliyofungua Mchungaji Mtikila, alisema masharti ya kuomba kibali polisi ili kufanya mkutano hayakubaliki, na kwamba Mtanzania ana haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama.

Sasa angalia kilichofuata maana ndo somo la mlango huu. Kesi ya Mbushuu ilikwenda Mahakama ya Rufani, ambayo Januari 1995 ilikubali kwamba adhabu ile inadhalilisha lakini ikasema Katiba yenyewe kwenye ibara ya 30(2) inairuhusu kwa maslahi ya umma, ikabaki. Na suala la mgombea binafsi, Bunge lilibadilisha Katiba mwaka huo huo 1994 kwa Mabadiliko ya Kumi na Moja ili kile alichoshinda Mtikila mahakamani kisiwepo. Mtikila akarudi tena mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010, akaenda Mahakama ya Afrika kule Arusha ikampa ushindi Juni 2013. Amefariki 2015 na mgombea binafsi hayupo. Sisemi haya kukukatisha tamaa. Nasema ili ujue kwamba kushinda kesi ya kikatiba na kupata kitu mkononi ni mambo mawili, kati yake kuna Bunge na rufaa.

*Nguvu.* Ni hukumu, sio ombi. Ila Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kufuta sheria mbovu papo hapo, kuipa serikali muda wa kuirekebisha. Ndo ilivyokuwa kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa ndoa wa mtoto wa kike: Mahakama Kuu 2016 ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavunja Katiba na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe, serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaja kuthibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Mwaka mmoja ukawa mitatu kabla hata rufaa haijaisha.

*Muda.* Shauri linasikilizwa na majaji watatu, kuwakusanya watatu sio sawa na mmoja, na mara nyingi kabla hamjafika kwenye jambo lenyewe kuna pingamizi za awali za upande wa serikali, kila pingamizi lina tarehe yake. Panga kwa miaka.

*Gharama.* Bila wakili anayejua njia hii nakusihi usijaribu. Hati inatakiwa itaje ibara iliyovunjwa, namna ilivyovunjwa na unachoomba, ikikosewa inatupwa. Ukipata shirika la haki za binadamu au wakili wa kujitolea hapo ndo inawezekana, kesi nyingi kubwa zimeendeshwa hivyo.

*Masharti.* Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, ile Sura ya 3, inasema kama kuna njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu, mahakama isikusikilize kwa mlango huu. Yani jambo la mama wa banda la kuku lingerudishwa: nenda kwenye mapitio. Mwaka 2020 Bunge likaongeza kwamba mlalamikaji aape kiapo kuonyesha alivyoathirika *yeye binafsi*, jambo lililowabana sana watu na mashirika wanaodai kwa niaba ya umma. Kifungu hicho kimekuwa kinapiganiwa mahakamani tangu hapo, kwa hiyo swali la kwanza ukifika kwa wakili liwe kimesimamaje leo.

*Inamfaa nani.* Mtu au kundi ambalo tatizo lao sio afisa fulani, tatizo ni sheria yenyewe. Afisa kafuata sheria vizuri kabisa na bado umeonewa, basi sheria ndo mbovu, na mlango ni huu. Ukiwa unataka nyumba yako isivunjwe Ijumaa, sio huu.

Mlango wa tatu: mapitio ya kimahakama

Wengi hawajawahi kuusikia na kwa maoni yangu ndo unaofaa watu wengi zaidi ninaowapokea. Usichanganye na mapitio ya hukumu ya kesi ya kawaida, hapa ni Mahakama Kuu inaangalia uamuzi wa ofisi ya umma: mkurugenzi, waziri, bodi, kamati ya nidhamu, chuo cha umma, mkuu wa wilaya.

*Unapata nini.* Amri za aina tatu: kufuta uamuzi uliotolewa, kuilazimisha ofisi ifanye wajibu inaoukwepa, au kuizuia isifanye inachotaka kufanya. Mahakama haiulizi kama uamuzi ulikuwa wa busara au ungekuwa bora zaidi, inauliza: aliyeamua alikuwa na mamlaka? Alikusikiliza kwanza? Alitoa sababu? Alifuata utaratibu wa sheria aliyoitumia? Ndo maana ibara ya 13(6) kuhusu haki ya kusikilizwa ni silaha kubwa hapa. Mwanafunzi kafukuzwa bila kuitwa kwenye kikao, mtumishi kaondolewa bila hati ya mashtaka ya nidhamu, mfanyabiashara kafutiwa leseni kwa simu, hao wote ni wa mlango huu.

*Muda.* Miezi sita tangu siku uamuzi ulipotolewa, ndo muda wa kuomba kibali. Mapitio yana hatua mbili: kwanza unaomba kibali kwa jaji mmoja, ukionyesha kwamba kuna jambo la kusikilizwa, ukipewa una siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe. Nimeona watu wamesherehekea kibali wakasahau siku 14. Andika tarehe zote mbili ukutani. Uzuri wake ni kwamba hutegemei mashahidi wengi kusimama kizimbani, kazi kubwa ni viapo na karatasi, kwa hiyo kwa kawaida huenda haraka kuliko kesi ya kikatiba. Na wakati wa kibali unaweza kuomba uamuzi usitekelezwe kwanza.

*Gharama.* Wakili anahitajika kiukweli, maana kuna tamko na kiapo vinavyotakiwa kukaa namna yake, lakini ni kazi ndogo kuliko ya majaji watatu.

*Nguvu.* Kubwa. Ofisi isipotii inaingia kwenye kudharau amri ya mahakama. Ila elewa, uamuzi ukifutwa kwa sababu hukusikilizwa, ofisi inaweza kukuita sasa, ikakusikiliza vizuri, na ikaamua vile vile. Na pesa ya fidia hapa usiitegemee.

*Masharti.* Kama sheria inakupa rufaa ya ndani, mfano kwa waziri au kwenye tume ya utumishi, umalize kwanza. Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aingizwe kwenye maombi. Na ushike nakala ya uamuzi wenyewe. Watu wanakuja wamesimulia vizuri, ukiwauliza barua iko wapi wanasema niliambiwa kwa mdomo. Ukiambiwa kwa mdomo, rudi siku hiyo hiyo na barua yako: "Leo tarehe fulani nimeelezwa hivi na hivi, naomba kwa maandishi." Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo.

*Inamfaa nani.* Mwenye barua mkononi, tarehe bado mbichi, na anachotaka ni uamuzi uondoke.

Mlango wa nne: kesi ya madai, yani fidia

Huu nitaupitisha haraka kwa sababu unafanana na kesi za madai za kawaida. Umepigwa na mgambo ukavunjika mkono, mali yako imeharibiwa, umekaa mahabusu bila kosa ukapoteza kazi, unataka kulipwa.

*Muda na masharti.* Huwezi kufungua leo. Unaandika notisi ya siku 90 kwa ofisi husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ukieleza unachodai, siku 90 ziishe ndo ufungue, na unafungua Mahakama Kuu hata kama dai lenyewe ni dogo. Tangu mabadiliko ya 2020 utaratibu huu unahusu pia halmashauri na taasisi za serikali, sio wizara peke yake. Kama ndani ya hizo siku 90 kuna kitu kitaharibika, tuseme greda linakuja, kuna ombi la zuio la muda ambalo mawakili wanaliita Mareva, linaombwa wakati notisi bado inatembea. Mtajie wakili wako.

*Gharama.* Ushahidi ndo gharama. Fomu ya polisi ya matibabu, ile PF3, risiti za hospitali, picha, majina ya walioona. Vikusanye wiki ya kwanza kabla kidonda hakijapona.

*Nguvu.* Unapata hukumu ya pesa, lakini mali ya serikali haikamatwi na dalali kama ya mtu binafsi, kwa hiyo malipo yanafuatiliwa kiofisi na yanaweza kuchelewa.

*Inamfaa nani.* Aliyeumia kwa kitu kinachopimika kwa shilingi na ana karatasi zake.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Arusha. Mahakama ya Afrika, Tanzania iliondoa Novemba 2019 lile tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja, na kuondoa huko kulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye, hivyo kwa kesi mpya ya mtu binafsi mlango ule umefungwa. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, bado inapokea, na huhitaji kumaliza mahakama za ndani kwanza, ila una miezi miwili tu. Wadau wa habari waliitumia na Machi 2019 mahakama hiyo ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hiyo ni njia ya mashirika yaliyojipanga zaidi kuliko ya mtu mmoja wa Nkuhungu hapa mjini.

Kwa hali yako, uanze wapi

*Ndugu yupo ndani sasa hivi.* Usiandike barua Tume kwanza. Nenda kituoni na mtu wa pili, uliza kwa heshima anashikiliwa kwa kosa gani, nani aliagiza, tangu saa ngapi, andika hayo yote na jina la afisa. Polisi wana kanuni ya masaa 24 ya kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana. Kama ni agizo la mkuu wa wilaya au mkoa, Sheria ya Tawala za Mikoa inawapa masaa 48, na hayo sio adhabu ya kumtia mtu adabu kwa sababu kajibu vibaya mkutanoni, ni pale tu anapotenda kosa au kuhatarisha amani na hakuna njia nyingine, na ndani ya muda huo afikishwe mahakamani au aachiwe. Muda ukipita wakili apeleke ombi Mahakama Kuu la kutaka mtu huyo aletwe mbele ya jaji na sababu za kumshikilia zielezwe. Akishatoka ndo mkae mfikirie Tume au fidia, na mnaweza kuanza na Tume maana mtakuwa hamna kesi inayoendelea.

*Una barua ya uamuzi mkononi.* Hesabu miezi sita kuanzia tarehe ya uamuzi, sio tarehe uliyoipokea, ili uwe salama. Kama kuna rufaa ya ndani ianze wiki hii. Tume unaweza kuiendea kama zimebaki siku nyingi, lakini weka alama kwenye kalenda pale miezi minne itakapotimia tangu uamuzi: pasipokuwa na jibu la maana, nenda kwa wakili wa mapitio.

*Mko wengi, kitongoji kizima au wafanyabiashara wa soko moja.* Tume inafaa sana hapa mwanzoni, uchunguzi wake unazalisha ripoti ambayo hata wakili wenu baadaye ataitumia. Chagueni watu watatu wa kushika karatasi, msimwachie mmoja.

*Sheria yenyewe ndo inakuumiza.* Kesi ya kikatiba, na uende na shirika, usiende peke yako.

*Huna hela kabisa.* Tume, au msaada wa kisheria. Tangu sheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa rasmi na huduma yetu ni bure, uliza kwenye halmashauri yako wakuelekeze kwa mtoa huduma aliyesajiliwa. Mtu akikutoza pesa ya "kufungua faili" la msaada wa kisheria, ondoka.

*Unaogopa kulipiziwa.* Ni hofu ya kweli na siichukulii kirahisi, nimeiona kwa watumishi na kwa wenye biashara ndogo. Tume inafanya kazi kwa utulivu zaidi kuliko mahakama ambako kila kitu ni hadharani. Nakala za karatasi zako zikae nyumba nyingine, kwa dada, kwa mchungaji, kwa shehe.

*Muda umeshapita.* Bado kuna ombi la nyongeza ya muda Mahakama Kuu, unatakiwa ueleze sababu ya msingi, na majaji wetu wameshikilia msimamo kwamba kila siku ya kuchelewa itolewe maelezo, hata iwe moja. Yule mama tulimpeleka kwa wakili wa kujitolea kwenye ombi hilo. Vile vikaratasi saba vilitolewa kwenye ile pini ya nguo, kila kimoja kikatolewa kopi na kuambatanishwa kwenye kiapo chake, na pembeni ya kila kimoja imeandikwa alikuwa ofisi gani siku hiyo na aliambiwa arudi lini.